DAWA YA MSHIPANI NI AMANA, TUSIICHEZEE MAJUMBANI

Leo nina neno ambalo huenda lisiwafurahishe baadhi yetu, wakiwemo wenye maduka ya dawa na sisi wenyewe wakuu wa familia. Lakini nasaha ni haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenzake, na afadhali ichome sasa kuliko tuje kulia baadaye.

Neno lenyewe linahusu zile sindano kali za antibaiotiki ambazo hospitalini huingizwa kwenye mshipa wa damu. Inayojulikana zaidi ni seftriaksoni, ule unga mweupe ndani ya kichupa kidogo cha kioo, ambao huyeyushwa kwanza ndipo mgonjwa achomwe. Viwanda huiuza kwa majina mengi tofauti, lakini dawa ni ile ile moja. Katika mitaa yetu imegeuka kuwa kama dawa ya maumivu ya kichwa. Mtu koo likimuwasha, anachomwa. Akirudi safari na uchovu, anachomwa. Akiambiwa tu kuwa ana "damu chafu", tayari anaandikiwa sindano tano, na kijana mmoja wa mtaani anazifuata nyumbani kumchoma, asubuhi moja na kesho yake moja, juu ya mkeka sebuleni.

Upande wa pili, yule anayeihitaji dawa hii kweli kweli, mwenye maambukizi yaliyokwisha kuushinda mwili, tunamuweka ndani siku tatu au nne tukimpa panadoli na maji ya moto. Akifikishwa hospitali amekwisha kupoteza fahamu. Kwa maoni yangu makosa haya mawili ni mamoja. Dawa ya hospitali tumeileta nyumbani, na mgonjwa wa hospitali tumemzuia nyumbani. Yote mawili yanaua.

SEPSISI NI NINI

Madaktari huita hali hii sepsisi. Watu wengi hudhani ni vijidudu kuingia kwenye damu tu, lakini jambo ni pana zaidi. Mtu anaweza kuwa na maambukizi kwenye mapafu, kwenye njia ya mkojo, kwenye kidonda, kwenye mji wa mimba baada ya kujifungua, au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Mwili unapambana na vijidudu hivyo, lakini mapambano yenyewe yanavuka mipaka na kuanza kuumiza viungo vya mwili: figo, mapafu, moyo, ini na ubongo. Presha inashuka, damu haifiki inakotakiwa, na viungo vinaanza kuzima kimoja baada ya kingine.

Tusidhani ni ugonjwa wa watu wachache. Hesabu za wataalamu zilizochapishwa mwaka 2020 zilikadiria kuwa katika mwaka 2017 peke yake watu wapatao milioni 49 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 kati yao walifariki. Hiyo ni karibu sehemu moja kwa kila vifo vitano duniani. Wagonjwa wengi walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama zetu, na karibu nusu ya wagonjwa wote walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Hapa kwetu pia upo ushahidi. Utafiti uliofanyika katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia watoto waliolazwa na kupimwa damu. Miongoni mwa watoto waliokutwa na kundi mojawapo la bakteria wakali kwenye damu, zaidi ya 40 katika kila 100 walifariki. Kwa watoto waliokuwa na malaria, waliofariki walikuwa kama 20 katika kila 100. Sisi ambao kila homa tunaita malaria, hapo pana somo kubwa.

TUSISUBIRI KUPAMBAZUKE

Dawa ya mshipani ina faida kubwa ikiwahiwa. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inawataka madaktari wampe mgonjwa mwenye sepsisi iliyofikia kushusha presha antibaiotiki ndani ya saa moja tangu hali hiyo itambuliwe. Saa moja, ndugu msomaji! Sisi huku tunakaa kikao cha familia hadi usiku wa manane tukijadili nani atoe nauli.

Basi kila nyumba ijue dalili za kukimbilia hospitali. Kwa mtu mzima ni homa kali au mwili kuwa wa baridi isivyo kawaida, kutetemeka, kupumua haraka haraka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kiasi, kukosa mkojo au kuupata kidogo sana, na ngozi kuwa baridi, kupauka au kutoka mabaka. Akiwa na maambukizi na akaonyesha dalili kama hizi, usiende duka la dawa. Nenda hospitali.

Kwa mtoto mchanga dalili zinajificha. Huenda asiwe na homa kabisa. Akikataa kunyonya, akilegea, akiwa wa moto au wa baridi, akipumua haraka au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akipata degedege, au kitovu kikawa chekundu au kutoa usaha, huyo ni mgonjwa wa dharura. Na hapa niwaombe bibi zetu na mashangazi, kwa heshima zote: kitovu kisipakwe majivu, wala masizi, wala kinyesi cha ng'ombe. Kiachwe kisafi na kikavu, au kipakwe dawa iliyotolewa na kituo cha afya peke yake.

Na mama aliyejifungua je? Desturi yetu ya kumtunza mzazi ndani siku arobaini ni nzuri, inampumzisha na kumpa heshima. Lakini arobaini isigeuke kifungo. Mzazi akipata homa, maumivu makali ya tumbo, au uchafu wenye harufu mbaya, tusiseme ni chango la uzazi litapoa kwa mafuta na kukandwa. Homa ya uzazi imewaua wanawake tangu zamani. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, daktari aitwaye Ignaz Semmelweis aliona kuwa wazazi walikuwa wakifariki kwa wingi katika wodi waliyohudumiwa na madaktari waliotoka kupasua maiti. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini, na vifo vikapungua sana. Jambo la kunawa mikono tu! Sisi tunaonawa mara tano kwa siku tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa.

SINDANO YA SEBULENI

Turudi kwa yule kijana anayechoma sindano nyumbani. Huenda ana nia njema na bei yake ni nafuu. Lakini tazama mambo asiyoweza kuyafanya juu ya mkeka.

La kwanza ni mzio. Wapo watu ambao miili yao haipatani na dawa za jamii ya penisilini na ndugu zake, na seftriaksoni ni miongoni mwa ndugu hao. Mtu wa namna hiyo anaweza kuvimba uso na koo, kubanwa pumzi na presha kushuka ndani ya dakika chache. Hospitalini ipo dawa ya kumuokoa na ipo oksijeni. Sebuleni kipo kikombe cha maji tu.

La pili ni dawa ya kuyeyushia. Wengi hawalijui hili. Seftriaksoni inapochomwa kwenye msuli, huweza kuyeyushwa kwa dawa ya ganzi iitwayo lignokaini ili isiume sana. Iliyoyeyushwa kwa ganzi hiyo haifai kabisa kuingizwa mshipani, kwa sababu lignokaini ikiingia kwenye damu namna hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Vichupa vinafanana na maji yake yanafanana. Mtu asiyesoma maandishi anaweza kuua akidhani anatibu.

La tatu ni mtoto mchanga. Seftriaksoni ikikutana na kalsiamu, iliyomo kwa mfano katika dripu ya Ringer, hutengeneza chembechembe ngumu. Watoto wachanga walifariki kwa sababu hiyo, chembechembe zikakutwa kwenye mapafu na figo zao, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Hata kwa wakubwa, dawa hizo mbili hazichanganywi katika mrija mmoja kwa wakati mmoja. Tena, kwa kichanga mwenye manjano dawa hii inaweza kuizidisha hatari ya manjano hayo kwenye ubongo. Ndiyo maana kichanga mwenye sepsisi kwa kawaida huanziwa dawa nyingine, ampisilini au penisilini pamoja na jentamaisini. Na hiyo jentamaisini nayo ina masharti yake: ikizidi kipimo inaweza kudhuru figo na masikio, hivyo ni lazima mtoto apimwe uzito kwanza. Je, kijana wa sindano anatembea na mizani?

La nne ni kuficha ugonjwa. Mgonjwa akichomwa sindano mbili homa inashuka kidogo, familia inafurahi, kumbe jipu la ndani au utumbo uliotoboka unaendelea. Pia akifika hospitali na kutolewa damu ya kuotesha ili vijidudu vijulikane, mara nyingi havioti tena kwa sababu dawa imekwisha kuvigusa. Daktari anabaki kukisia. Kwa hiyo kama mgonjwa amekwisha kuchomwa kitu chochote, tusione aibu, tuseme ukweli mapokezi. Kichupa kitupu kichukuliwe kionyeshwe.

DRIPU HAIKIMBIZWI

Wodini nako tuna makosa yetu. Utamuona ndugu wa mgonjwa anaisogelea dripu, anatazama kulia na kushoto, kisha anakizungusha kile kigurudumu ili maji yakimbie. Ukimuuliza atakwambia, "Apate nguvu haraka." Mwingine anapunguza, eti mgonjwa anasikia baridi. Huyu anadhani dripu ni chakula.

Kuna dawa zinazoingizwa kwa dakika chache, nyingine nusu saa, na nyingine saa moja au zaidi. Kasi ile haikuwekwa kwa kubahatisha. Hata maji matupu yakikimbizwa yanaweza kudhuru. Ushahidi wa jambo hili ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Utafiti mkubwa ulioitwa FEAST ulifanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, zikiwemo Mbale, Kilifi na Muheza, na majibu yake yalichapishwa mwaka 2011. Watoto zaidi ya 3,000 waliofika na homa kali na dalili kuwa damu haizunguki vizuri waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakupewa kwa haraka hivyo. Watu walitarajia maji yataokoa. Kumbe katika saa 48 za mwanzo, kwa waliopewa maji kwa haraka walifariki kama 10 na nusu katika kila 100, na kwa wale wengine walifariki 7 katika kila 100.

Mwaka 2017 majibu ya utafiti mwingine wa mjini Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, yalielekea huko huko. Waliopewa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha presha walifariki zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tuelewane hapa, nisije nikasingiziwa. Sijasema dripu ni mbaya. Mtoto aliyekaushwa na kuharisha au kipindupindu anahitaji maji, na watoto wa kuharisha hawakuwemo katika utafiti ule wa FEAST. Ninachosema ni kwamba kiasi na kasi ni kazi ya daktari na nesi. Ndugu wa mgonjwa kazi yake ni kutazama na kusema. Ukiona dripu imesimama, imeisha, au inakwenda mbio, mwite nesi. Mkono wako usiguse kigurudumu.

ULIZA, NI HAKI YAKO

Kuna tofauti kati ya kuchezea na kuuliza. Wengi wetu tunachezea kimya kimya lakini tunaogopa kuuliza. Kabla dawa haijaingia mshipani, uliza kwa adabu: Nesi, dawa hii inaitwaje na ni ya nini? Inaingizwa kwa muda gani? Itatolewa mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi? Halafu mwambie mwenyewe bila kuulizwa: mgonjwa wetu ana mzio wa dawa fulani, au ana ugonjwa wa figo, au ni mjamzito, au anatumia dawa hizi na hizi.

Kama mmetumwa kununua dawa nje, nunueni kwenye duka lililosajiliwa, angalieni tarehe ya mwisho, angalieni kifuniko hakijafunguliwa, na mkabidhi wodini pamoja na karatasi ya daktari. Msinunue nusu ya dozi kwa kuwa fedha haikutosha bila kumwambia daktari. Huenda akapata njia nyingine. Na mgonjwa akipata nafuu siku ya pili, msimtoroshe kwa kuwa "sasa anakula". Daktari akiona inafaa atambadilishia vidonge na kumruhusu. Uamuzi huo ni wake.

KANULA, UDHU NA SAUMU

Kanula, yaani kile kimrija kinachoachwa mkononi, ni mlango uliofunguliwa kwenye damu. Anayeigusa anawe mikono kwanza. Mahali ilipo pakivimba, pakiwa pekundu, pakiuma au pakitoa majimaji, mwambie nesi mara moja. Plasta ikilowa au kubanduka ibadilishwe. Mgonjwa asirudi nyumbani na kanula mkononi ila kwa maelekezo maalumu ya hospitali.

Hapa linakuja suala la udhu. Wapo wagonjwa wanaomwagia maji juu ya kanula kwa hamu ya kuswali, na wapo wanaoacha swala kabisa kwa kudhani hawana njia. Dini yetu haina uzito huo. Mgonjwa anayedhurika kwa maji ameruhusiwa kutayamamu, na mafakihi wameeleza hukumu za kupaka juu ya bandeji. Muulize sheikh wako kuhusu hali yako, lakini kanula isilowe.

Na katika mwezi wa Ramadhani husikika mgonjwa akisema sindano isubiri magharibi. Masheikh wana maelezo yao kuhusu sindano ipi inafunguza na ipi haifunguzi, na hilo nawaachia wao. Ila hili halina mjadala: Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Mwenye sepsisi hangoji adhana.

TUNAIHARIBU SILAHA

Vijidudu vinavyokutana na dawa ovyo ovyo huzoea, na vile sugu hubaki vikazaana. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, watu milioni 1.27 duniani walifariki mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu. Ule utafiti wa Muhimbili nao ulionyesha kuwa watoto waliopewa dawa ambazo bakteria wao walikuwa wamekwisha kuzizoea walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibaiotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Seftriaksoni imo katika kundi la pili. Hiyo ndiyo tunayochomwa kwa mafua! Anayechomwa bila sababu leo hajidhuru peke yake. Anamnyang'anya dawa mtoto wa jirani atakayezaliwa mwakani. Ndiyo maana nikaiita amana.

TUFANYE NINI

Nawaomba wenye maduka ya dawa wamche Allah katika biashara yao, wasiuze sindano hizi bila karatasi ya daktari. Nawaomba madaktari na manesi nao watuambie kinachoendelea. Ndugu wa mgonjwa anayejibiwa kwa ukali ndiye huyo huyo atakayekizungusha kigurudumu kwa siri kesho.

Na misikiti yetu ina kazi. Tunachangishana kwa maziko kwa saa moja tu, sanda na usafiri vinapatikana. Kwa nini tusiwe na mfuko wa dharura wa kumfikisha hospitali mzazi au mtoto usiku? Kila msikiti uwe na dereva mmoja anayejulikana, namba yake ibandikwe mlangoni, na fedha kidogo ikae kwa mtunza hazina. Akina mama wa madrasa wafundishwe dalili za kichanga, kwani wao ndio wa kwanza kuziona. Kamati inaweza kulianza jambo hili Ijumaa hii, na mchango wa kwanza ukatoka baada ya swala.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atupe hekima ya kutumia neema alizotupa.

Wabillahi Tawfiq.